Ungo wa Mwalimu Skola

Nyuma ya mashine za kukobolea mpunga pale Ifakara, pumba huchomwa mchana kutwa, na moshi wake una harufu nzito, tamu kidogo, inayokaa kwenye nywele hata baada ya kuoga. Juzi nilipita hapo kwa bodaboda, harufu ikanipiga, nikamwomba dereva asimame. "Dada, umesahau kitu?" Nikamwambia hapana, twende, ila polepole.

Nisikilizeni basi, maana hili la darasa letu watu wa mtaani kwetu wanalisimulia vibaya mpaka leo.

Nilifika darasa la tatu sijui kusoma. Wala msinionee huruma. Akili nilikuwa nayo: sala zote za misa nilizijua kwa kichwa, hesabu za papo kwa papo nilimshinda hata kiranja, na kitabu cha kusoma nilikuwa nikimsikia jirani yangu wa dawati akikisoma mara moja, basi, nasimama mbele ya darasa nakimwaga chote kwa sauti. Walimu wakaniamini. Mpaka siku mmoja wao aliponisogelea, akakuta kitabu nimekishika juu chini. Weee! Darasa zima lilicheka, fimbo ikafuata. Lakini herufi, jamani, zilikuwa hazitulii. Naiona leo iko hivi, kesho imegeukia kule, na daftari langu lilikuwa na wino mwekundu wa mwalimu mwingi kuliko wino wangu.

Ndipo wakanihamishia kitengo, chumba cha mwisho karibu na vyoo, walikotuweka sisi tulioitwa wazito. Watoto wengine walituita mazezeta. Nilipigana sana kwa sababu ya jina hilo, na mara nyingi nilishinda.

Mwalimu wa kitengo aliitwa Skola, mama mfupi, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Wiki ya kwanza alitutuma mashineni kuchota majivu ya pumba. Akayachekecha, akayatandaza kwenye ungo, akaniambia, "Feli, fumba macho. Macho yako yanaigeuza herufi, basi tuufundishe mkono." Tukawa tunachora kwa kidole kwenye majivu, macho tumefumba, huku wote tunatoa sauti ya ile herufi: mmm, mmm, mmm. Majivu yalikuwa laini, ya uvuguvugu bado. Ukikosea unautikisa ungo, unaanza upya, hakuna anayekugombeza. Kabla muhula haujaisha nilikuwa nasoma jina langu, na majina ya maduka, na maneno yaliyoandikwa nyuma ya malori. Nilisoma kila kitu kwa sauti mpaka mama akaniomba ninyamaze.

Sasa fikirieni mpita njia anachungulia dirishani. Watoto wameinamia ungo wa majivu, wamefumba macho, wanaguna kwa pamoja. Kwetu ungo una kazi zake mbili: ya mchana, kupepeta mchele, na ile ya usiku, ya wachawi kusafiria, ambayo watu hawaitaji kwa sauti. Aliyechungulia ni shangazi Eda, dada yake baba. Alikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani. Habari ikavuka mto hadi Lupiro, kwenye dungu alikokuwa baba akiamia ndege wasimalize mpunga: mtoto wako anafundishwa uchawi.

Baba akaja na baiskeli. Akamwambia mama, "Kusoma alishindwa, sasa wanamharibu kabisa. Aje aamie ndege. Manati haina herufi."

Shuleni kikaitwa kikao cha wazazi. Walitaka kitengo kifungwe na Mwalimu Skola aondoke. Alieleza, akaeleza tena, hakuna aliyemsikiliza. Nje, begi langu la nguo lilikuwa limeshafungwa kwenye keria ya baiskeli. Nikajua nikipanda ile baiskeli, shule ndiyo basi.

Nikasimama bila kuitwa. "Shikamooni," nikasema, maana adabu ni lazima hata ukiwa na hasira. "Mimi siendi kuamia ndege. Njooni muuone huo uchawi."

Nikauweka ungo wa majivu sakafuni, nikafumba macho, nikaandika jina la baba, Longino. Nikasikia kicheko. Nilipofumbua, herufi ya kwanza ilikuwa imegeuka.

"Mnaona!" akasema shangazi Eda. "Hata herufi yenyewe haijui!"

Ningeweza kumng'ata. Nikautikisa ungo, nikaandika tena, nikakosea tena. Nikautikisa. Safari hii jina likakaa sawa, lote, na nilipoinua kichwa baba alikuwa amechuchumaa mbele yangu. Hakuwa anatazama jina. Alikuwa anatazama mikono yangu iliyoshika ungo.

"Kumbe inafutika?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Si umeona, baba?" nikamjibu kwa jeuri.

Akaupokea ungo, akautikisa mwenyewe, taratibu, mpaka jina lake likapotea. Kisha akatoka nje, akafungua kamba, akarudi na begi langu.

"Huyu anabaki."

"Kaka, watu watasema nini?"

"Waseme."

Kitengo hakikufungwa. Mpaka leo nasoma kwa kuweka rula chini ya mstari, polepole, na anayenicheka namwambia asubiri nimalize. Lakini lile swali la baba nililiona la kijinga kwa miaka mingi. Tulipomzika ndipo mdogo wake wa kiume akaniambia: baba aliacha shule darasa la pili, alikuwa akichapwa kwa kila herufi iliyogeuka, na hakushika kalamu tena. Kumbe siku ile alikuwa akijiulizia mwenyewe. Alizeeka akiamini ukikosea mara moja umekosea moja kwa moja, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumpa ungo. Hilo sijalisamehe.