Ndege Yetu Ilivyofika Kakuma

Harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha hunipata popote, hata kwenye saluni iliyojaa kelele, na mara moja mate hunikauka. Msinicheke. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya ndege.

Tuliishi Lodwar, miaka ya tisini mwanzoni, Baba akiwa karani wa ofisi ya maji. Mzungu mmoja mchimba visima alipofunga virago alimwachia Baba boksi lililopauka, kuukuu kuliko mimi, lenye vipande vya plastiki vya kuundia ndege ndogo ya mizigo yenye injini mbili. Gundi ilishakauka, magurudumu hayakuwemo, vioo vimepasuka. Mtu mwingine angelitupa. Baba, ambaye jioni alikuwa harudi na neno la kumwambia mtu, alivua shati akakaa sakafuni nami.

Tuliyeyusha mabaki ya plastiki katika dawa ya kucha ya Mama hadi tukapata gundi. Magurudumu yakawa vifungo vya koti. Vioo tulivikata kwenye pakiti za vidonge vya Mama, maana alikuwa na pumu na pakiti hizo hazikuisha nyumbani. Mapangaboi tuliyashikiza kwa pini ili yazunguke ukiyapuliza. Kwa sindano nilichora mistari ya mabati ubavuni, kisha Baba akaipaka ndege yote rangi ya fedha iliyobaki kwenye matangi ya ofisi. Mama alikuja kuipuliza. Pumzi haikutosha, pangaboi lilizunguka nusu, likasimama. Tulicheka sote, yeye kwanza.

Lakini vumbi la Lodwar lilikuwa likimmaliza. Baba aliomba uhamisho mpaka akachoka. Kisha akasikia kwamba mkubwa wake, aliyekuwa akikaa Kakuma, ana kijana anayependa ndege. Asubuhi moja aliifunga ndege yangu katika leso ya Mama, akanishika mkono, tukapanda lori.

"Tutaunda nyingine," aliniambia njiani. Hakunitazama.

Kwa mkubwa tulikaribishwa soda. Mwanawe, Titus, aliyenizidi umri kidogo, aliigeuzageuza ndege.

"Inaruka?"

"Hapana," nikasema. "Ni ya kuangalia tu."

"Sasa ya nini?"

Aliingia jikoni, akarudi ameimwagia mafuta ya taa, kiberiti mkononi. Nilimtazama Baba. Baba aliitazama soda yake.

Sote tulimfuata uani. Hapo alikuwepo Mama Achol, Msudani kutoka kambi ya wakimbizi aliyekuwa akiwafulia nguo, mtoto wake amekaa kando ya beseni. Titus aliining'iniza ndege kwa waya kwenye fimbo, akaiwasha, akaizungusha juu ya kichwa cha yule mama huku akinguruma kwa mdomo. Plastiki ikiungua hudondoka kwa mlio mwembamba, kama kitu kinachoshuka kutoka mbali sana. Mama Achol aliusikia kabla hajainua macho.

"Tayara! Tayara!" alipiga kelele, yaani ndege, ndege, akamrukia mwanawe, akamlalia kifudifudi kwenye matope ya sabuni. Tone la moto lilimwangukia mgongoni. Hakusogea.

Mkubwa alicheka akishika mbavu. "Huyu ndizo zake! Anadhani ni mabomu ya kwao! Hata ndege ya chakula ikipita analala chini!"

Baba alimtazama yule mama pale chini. Kisha, akiwa amechelewa kidogo, naye akacheka.

Tuliporudi, Mama aliuliza kama kijana ameipenda. "Ameipenda sana," Baba akajibu, akaenda kuoga, akakaa huko muda mrefu.

Uhamisho ulitoka: Kapedo. Vumbi lilelile, hospitali mbali zaidi. Mama hakumaliza mwaka.

Kwa miaka mingi nilimchukia Baba kwa ajili ya ndege, nikadhani hata aibu yake ilikuwa ya ndege. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, na mimi nina mtu nyumbani ninayemhangaikia. Baba alijua kabisa alichokiona uani. Mama Achol alikuwa akimkinga mwanawe. Baba naye alikuwa amesafiri kutwa kwenye lori kuja kumkinga mkewe. Walikuwa wawili pale, kazi yao moja, na mmoja alimcheka mwenzake.