Veste ya Laivu Kwenye Maziko ya Mama Odile

Aibu yangu iko kwenye simu za watu wengi hapa Lubumbashi, kwa hiyo kuificha ni kazi bure, heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaonyeshwa na mtu mwingine. Kuna video inazunguka, ya kijana anayegeuka na kutabasamu kama bwana harusi huku nyuma yake watu wanalia. Yule kijana ni mimi, Fiston, waliokuwa wanalia ni ndugu zangu, na aliyekuwa ndani ya sanduku ni Mama Odile, mdogo wa mama yangu, aliyenichukua kijijini Kasomeno nikiwa sijui hata kufunga viatu akanilea hapa mjini, mtaa wa Ruashi, pamoja na binti yake mkubwa, ninayemwita yaya Béa, yaani dada.

Nianze na kazi, bila hivyo hamtaelewa. Bosi wangu ni Mama Solange, mfanyabiashara kutoka Butembo, anauza nguo kwenye mtandao. Duka la kuingia hakuna, kuna nyumba tu, sebule imejaa mifuko ya nguo hadi dirishani, na sisi vijana tuko katikati ya mifuko. Asubuhi tunasali, tunapiga makofi, halafu laivu inaanza. Mwenzetu Naomi anashika simu na kusoma maswali ya wateja, mimi ninavaa. Akiinua simu hadi usawa wa uso wangu, ninageuka, ninafungua veste, yaani koti la suti, kwa vidole viwili ili kitambaa cha ndani kionekane, ninatabasamu. Hata kama una homa, hata kama mwenye nyumba amekutolea vitu nje, unatabasamu, maana Mama Solange anasema sura ya huzuni haiuzi kitu. Na nguo ikiuzika wenzako wote wanakupigia makofi, na (niseme ukweli) yale makofi ni matamu.

Tena kuna sheria nyingine: mfanyakazi wake asionekane mjini amevaa ovyo, kwa sababu wateja wanatujua sura. Uwezo wa kununua nguo zile hatuna, basi tukajitafutia dawa, tukaiita kutembeza nguo. Jumamosi unachukua nguo kwenye mifuko, unaficha etiketi ya bei ndani, unakwenda nayo harusini au kanisani, Jumatatu unairudisha kabla ya sala. Mama Solange alijua, ila alijifanya hajui. Ikirudi na doa ndipo anajua kabisa, na hapo nguo inakuwa yako, utailipa kwa mshahara mpaka uchoke.

Mama Odile alipokufa (ilikuwa presha, alianguka jikoni, akalazwa, hakutoka tena), nilimwambia Mama Solange akanikumbatia na kulia machozi ya kweli. Si mtu mbaya, naomba mniamini. Akasema siku ya kuzika watakuja wote, maana sisi pale ni famille, familia moja, na Naomi atapiga laivu fupi ili wateja nao wanipe pole.

Nyumbani yaya Béa alikuwa amechapisha fulana nyeupe zenye uso wa mama kwa ajili yetu watoto wake. Na kubeba sanduku kulikuwa kumeshapangwa: mimi mbele, upande wa kushoto. Mama mwenyewe alikuwa amesema hivyo pale hospitali, kwamba kijana wake wa Kasomeno ndiye atakayemtoa nyumbani.

Mtu mwenye akili angevaa ile fulana na suruali yake ya siku zote akaenda. Mimi nikawaza, Mama Solange anakuja, simu inakuja, wateja wataniona na suruali iliyopauka magotini, watasema nini? Nikatembeza suti. Suruali haikunisumbua sana, yaliyonipata yote yalitoka kwenye veste. Ilikuwa nyeusi, laini, nikaivaa juu ya fulana nikaifunga vifungo vyote, etiketi nikaisukuma kwenye mfuko wa ndani. Uso wa mama ulibaki umefunikwa huko ndani na wala sikuufikiria.

Balaa ilianza tangu kilioni. Kwetu ukifika unakaa chini na wafiwa, unalia nao, mimi nilisimama. Jirani mmoja mzee alifungua mikono anikumbatie, uso wake umelowa machozi na poda, nikampa mkono. Vumbi jekundu la Ruashi mnalijua, halingoji ukae chini ndipo likupate, kwa hiyo kila mara nilikuwa najipangusa mabegani, na watu wakadhani ni majonzi yananitetemesha.

Kisha mwili ukatoka. Yaya Béa akaniita, nikasogea, nikaona sanduku linang'aa. Fundi alikuwa amelipaka rangi ya vernis asubuhi ileile kwa haraka, haikuwa imekauka, na jirani mwingine aliyekwishaweka bega upande wa kulia alikuwa na alama ya kahawia kwenye shati. Kuinua macho, nikamwona Mama Solange anaingia getini na wenzangu wote. Nikasema bega linaniuma.

"Bega gani?" yaya Béa akauliza.

"Ya kushoto. Tangu jana."

Hakubisha. Alimwita mwanaume wa nyumba ya nyuma, mtu ambaye mama aligombana naye kila mvua zikianza kwa sababu ya maji machafu, naye akainama akaweka bega mahali pangu. Mimi nikatembea kando yao, mikono mfukoni, nikijiambia kwamba la muhimu ni kuwepo.

Makaburini watu walikuwa wengi. Mchungaji alimaliza, wakaanza wimbo, na ndugu wakawa wanaokota udongo mmoja mmoja kwa ajili ya kumrushia mama. Mimi nilisimama ukingoni mwa shimo. Naomi alikuwa ng'ambo na simu yake, vichwa vya watu vikamzuia kuona, basi akainyoosha mikono akainua simu juu yao. Alitaka kuchukua kaburi, maskini, hakuwa na nia nyingine. Ila simu ikaja ikasimama sawasawa na uso wangu.

Mwili haukuniuliza. Niligeuka robo, vidole viwili vikafungua vifungo, nikaifunua veste upande mmoja, nikatabasamu. Nilitabasamu vizuri, meno yote nje, kama kila asubuhi. Etiketi ikachomoka mfukoni ikaning'inia juu ya fulana, na pale kwenye fulana alikuwa mama ananiangalia, bei iko chini ya kidevu chake.

Wimbo ulikatika. Yaya Béa alikuwa kando yangu, udongo mkononi, na hakupaza sauti hata kidogo.

"Fiston, mama alikulea, na weye unakuya kuuzisha veste pa kaburi yake?"

Nilitaka kulia, machozi yalikuwa palepale, lakini mdomo ulikuwa bado umetabasamu na sikujua namna ya kuushusha.

"Na bega haikuumi," akasema. "Nimeona."

Naomi alishusha simu, kumbe amechelewa, wateja walishaanza kuuliza kama kuna taille kubwa, saizi ya watu wanene. Nilirudi nyuma mpaka kwenye magari nikalia huko peke yangu, nikamlilia mama yangu yule kwa sauti, na hapa ndipo ninapojichukia mpaka leo: nilikuwa nimeinamisha kichwa mbele ili machozi yadondoke chini, yasiguse kola.

Jumatatu nilirudisha suti ikiwa safi kabisa. Nilitegemea kufukuzwa, nafikiri hata nilitaka. Baada ya sala Mama Solange akanishika mkono mbele ya wote.

"Mwana wangu, pole tena," akasema. "Ile veste bantu banaiuliza tangu juzi. Zote zimeisha."

Na kwa kuwa mauzo ni mauzo, mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, wengine macho yao yamejaa machozi, maana walinihurumia kweli. Nikasimama pale katikati ya mifuko nikasema asante. Ndivyo tulivyozoeshwa.

Bado nafanya kazi kwake, kazi hapa mnajua zilivyo. Ila nguo sitembezi tena. Nikisikia kilio naenda na shati langu lililopauka, nakaa chini kwenye vumbi, nakumbatia kila anayefungua mikono, na wakitafuta wa kubeba, hata marehemu awe mtu nisiyemjua, mimi ndiye wa kwanza kuinama, mpaka watu wanashangaa huyu ni ndugu wa nani.

Yaya Béa hakunifukuza. Nikienda Ruashi ananipakulia bukari, ugali wetu, kama zamani, tunakula, anauliza habari za kazi. Siku moja nikarudisha tonge kwenye sahani, nikamwambia, yaya, nipe kitu cha kufanya, kitu chochote, nitakifanya. Akaacha kula akafikiri, alitafuta kweli, nilimwona anatafuta.

"Hakuna kitu, Fiston," akasema. "Mama bantu balishamubeba."