Nilivyowazuia majirani, na bibi yake mzaa baba, wasimuone mtoto mgonjwa hapa Mabatini

Wakuu, mko salama?

Mimi humu ni wa kusoma na kupita tu, lakini hili limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitoa. Sio chai ya kutunga. Ni mambo ya nyumbani kwangu, na sehemu kubwa ya kosa ni langu mwenyewe.

Naishi Mabatini, Mwanza. Nina genge la nyanya, vitunguu na mboga, liko mlangoni kabisa pa ua tunaopanga. Msukuma mimi, sauti ninayo na mdomo ninao. Watu wananiita Mama Genge, na kwenye group la akina mama wa mtaa mimi ndiye mwenyekiti.

Mwaka jana alihamia kwenye ua wetu dada mmoja Mhaya kutoka Muleba, Mama Koku, na binti yake wa miaka sita, Koku mwenyewe. Mtoto ana saratani ya damu.

Walitakiwa wakae karibu na hospitali, maana dawa zake zinakwenda kwa awamu. Analazwa, anawekewa dawa, anarudi nyumbani kupata nguvu, anaenda tena. Ukikatisha katikati, ugonjwa unarudi na hasira. Baba yake alibaki kijijini na shamba na wadogo zake Koku.

Sasa nyie mnatujua. Tukisikia mgonjwa katoka hospitali, tunaenda. Asiyeenda ana roho mbaya.

Koku aliporuhusiwa baada ya awamu ya pili, nikapiga tangazo kwenye group. Tukajikusanya wanawake kumi na nane, vitenge sare, sukari, sabuni, soda. Tukajaa kwenye kile chumba kimoja mpaka wengine wakakaa kitandani kwa mtoto. Tukaimba, tukasali, kila mmoja akamshika Koku kichwa.

Kuna mmoja (simtaji, anajijua) akasema, "Pole mdogo wangu, hata mtoto wa shangazi yangu alianza hivihivi."

Mama Koku akauliza, "Sasa hivi anaendeleaje?"

Mwenzetu akaanza kufungua soda ambayo hakuna aliyeiomba. Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Na bado Mama Koku akatupikia! Ndizi na maharage, watu kumi na nane, mwanamke ambaye siku tano hajalala. Tukala, tukashukuru, tukaondoka tunajisifia.

Siku ya tatu Koku akashikwa na homa kali, akarudishwa wodini.

Nikaenda. Nikamkuta mama yake kwenye benchi nje ya wodi. Akaniambia kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza, kwamba dawa zile zinashusha kinga, na mtoto alikuwa amekatazwa kukaa na watu wengi. Akasema homa hakuna anayejua imetoka wapi, nisijilaumu.

"Sasa kwa nini hukutuambia?"

"Dada, mimi mgeni hapa. Nikiwafungia mlango watu waliokuja na sukari, kesho nikipata shida nitamwita nani?"

Sisi tumelelewa na mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji alikuwa anaisha mbele ya macho yetu, na sisi tunaongezewa maharage.

Halafu akasema ameshampigia simu mama mkwe wake aje kuwachukua. Homa ikishuka tu, wanarudi Muleba. "Nimechoka, dada. Mtoto namuweza. Watu siwawezi."

Yaani mtoto wa miaka sita angekatishwa dawa kwa sababu ya mapenzi yetu! Nililia palepale kwenye benchi, mimi na mdomo wangu wote.

Nikamuuliza nifanye nini wabaki. "Wewe huogopi kuchukiwa," akasema. "Nisemee."

Basi homa iliposhuka na Koku akarudi nyumbani, nikaweka kigoda changu katikati ya mlango wa ua. Anayekuja kuona mgonjwa anaishia kwangu.

"Mtoto kakatazwa watu. Salamu niachie mimi. Ila kama una mikono, ndoo zile hazina maji, na beseni lile lina nguo."

Nilisemwa, acheni tu. Mama Genge kajifanya daktari. Mama Genge mchawi, anamficha mtoto wa watu. Wengine mpaka leo nyanya wananunua mtaa wa pili.

Lakini waliobaki, Mungu awabariki. Mmoja alikuwa anachota maji kila asubuhi, anayaweka mlangoni, anaondoka bila hata kupiga hodi. Mwingine alifua. Jirani wa chumba cha pili alipika uji akawa anaupitisha dirishani. Mimi mwenyewe sikuingia, maana nashinda na watu kutwa nzima. Wakitoka kwenda hospitali nilikuwa nakimbilia ng'ambo ya barabara niwapishe.

Mchana mmoja nikamsikia Mama Koku anakoroma mpaka gengeni. Nilifurahi kama nimeshinda kesi.

Halafu, awamu ya tatu imeshapita, akaja bibi, yule mama mkwe aliyepigiwa simu.

Katoka kwenye meli ya Bukoba asubuhi ile, kabeba ndizi zake. Nikapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipishe, nimekuja kumchukua mjukuu wangu." Akakohoa. Akakohoa tena.

Wakuu, jirani nitamzuia na usingizi nitaupata. Lakini bibi mzaa baba, kavuka ziwa usiku kucha? Kwetu hiyo ni kujitafutia laana. Sikuinuka pale chini. Nikamwambia, "Mama, nichape ukitaka, lakini hicho kikohozi hakiingii humu."

Akatua ndizi zake chini. Nikajua leo nimekwisha.

"Chumba chake ni kipi?" akauliza.

Nikamuonyesha dirisha. Akasimama mbali nalo, akaita kwa Kihaya. Koku akajibu kutoka ndani huku anacheka. Bibi akajifunika uso kwa kitenge, akalia bila sauti. Na mimi nikalia, na mteja aliyekuja kununua bamia akalia pia, hata hajui kuna nini.

Alilala kwangu zaidi ya wiki mbili. Asubuhi anapiga stori na mjukuu wake pale dirishani, mchana tunalinda mlango pamoja. Kwa ukali wake, mimi nilionekana malaika! Kikohozi kilipokwisha kabisa ndipo akaingia, kanawa mikono mpaka viwiko.

Siku ya kwenda awamu ya nne, akambebea Mama Koku begi mpaka kwenye bajaji. "Nilikuja kuwachukua," akasema. "Malizeni kwanza." Akarudi Muleba peke yake.

Wakamaliza zile dawa kali. Sasa ni vidonge na kliniki, na daktari kasema Koku aanze kuzoea watu kidogo kidogo.

Nilichojifunza: kwenda kumuona mgonjwa sio lazima umuone. Chota maji, fua, pika, ondoka. Na kama Mungu kakupa mdomo kama wangu, usiumalizie wote kwenye umbea. Msemee mtu asiyeweza kusema hapana.

Jumamosi iliyopita nipo gengeni, nikaona Koku katoka mwenyewe, kavaa kofia. Siku ile ya watu kumi na nane hakunishika sura, na miezi yote iliyofuata alikuwa ananisikia sauti tu. Akanikagua juu mpaka chini.

"Mama Genge ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilijua ni mnene."

Akanishika kidole. "Karibu ndani. Mama ameruhusu."

Chumba kile nimewazuia watu kuingia miezi saba, na mimi mwenyewe nikiwemo. Nilipofika kizingitini mguu ukagoma kunyanyuka, nimesimama nalia tu, mpaka mtoto akanivuta.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Uliyewahi kuuguza mtoto, ni kitu gani ulitamani watu wakufanyie ukaona haya kusema? Sema hapa, hapa hakuna wa kukuchukia.