Siku Baba Aliponipeleka Rusizi kwa Baiskeli

Mapera yakiiva kupita kiasi hutoa harufu nzito, tamu, yenye uchachu kwa mbali. Juzi mchuuzi mmoja aliweka beseni lake mbele ya mlango wangu hapa Nyakabiga, na kabla sijauliza bei nilijikuta nimeketi kizingitini. Watoto wangu wanajua mama yao hali mapera. Wanadhani yananisumbua tumbo. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka minane, tukikaa Buyenzi, mtaa wa zamani wa Waswahili. Ilikuwa miaka ya vita, nasi watoto tulikuwa tumeizoea kama mtu anavyozoea mbu. Jioni ilikuwa ni kuvrefe, amri ya kutotoka nje, milango inafungwa, redio inasikilizwa kwa sauti ya chini, basi. Mjomba wangu Yusufu, mdogo wake mama, aliishi kwetu. Alikuwa akipeleka vitenge kwa baiskeli hadi Gatumba, mji mdogo karibu na mpaka wa Kongo. Alikuwa na mwanya mpana kwenye meno ya mbele, na akirudi jioni alinipigia mluzi kupitia mwanya huo tangu kwenye kona ya barabara, nami nikitoka mbio bila viatu.

Siku moja hakurudi. Baba alisema amevuka kwenda Uvira, upande wa Kongo, kwa rafiki zake, atarudi njia zikitulia. Mama, aliyekuwa mjamzito na aliyekwisha kupoteza mimba nyingine kabla ya hiyo, aliitikia kwa kichwa tu. Mganga alikuwa amemwambia asishtuliwe na jambo lolote.

Wiki chache baadaye, Jumapili asubuhi, baba alipangusa baiskeli yake na kufunga mto kwenye keria.

"Zuhura, leo tunakwenda kutembea kando ya mto Rusizi," aliniambia. "Utaona viboko."

Mama aliinua kichwa mkekani. "Na njia za siku hizi, baba Zuhura? Na mutoto?"

"Njia ni muzuri," alijibu bila kumtazama. "Muvalishe ile robe ya Idi, ya manjano."

Niliona ajabu kuvaa nguo ya Idi siku isiyo na Idi, lakini sikuuliza, nisije nikavuliwa.

Barabara ya kwenda Gatumba ni tambarare, haina mlima hata mmoja. Tulipita nyumba za wakati wa Wabelgiji zenye baraza ndefu na rangi iliyobanduka, tukapita bandarini ambako upepo wa ziwa ulileta harufu ya mawese na dagaa, kisha mji ukaisha ghafla kama nguo iliyokatwa. Mbele yetu kulikuwa na mashamba ya mpunga, na ng'ambo milima ya Kongo, ya buluu. Nilishika mkanda wa baba. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni ingawa hakuwa akienda kasi. Kwa kawaida akiendesha huimba kaswida. Siku ile nilisikia mnyororo tu.

Kwenye bariyeri ya kwanza askari alitusimamisha.

"We, unaenda wapi?"

"Natembeza mutoto, shefu. Anataka kuona viboko."

Askari aliitazama robe yangu, akacheka, akanibonyeza shavu, akainua kamba. Kando ya barabara wanaume wengine waliketi chini, mikono kichwani, wakitutazama tunavyopita. Kwenye bariyeri iliyofuata ikawa vilevile. Nilijiona binti wa mfalme.

Viboko niliwaona darajani: masikio tu, na mgongo mmoja unaong'aa. Hatukukaa. Baba aliacha lami na kufuata njia ya udongo kando ya mto, katikati ya mahindi na matete. Mara mbili alisimama kuuliza watu kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, nao wakanyoosha kidole mbele. Mwishowe tulifika kwa mama mmoja mkulima, mnene, miguu yake imejaa tope. Jina lake Mama Esperansi. Ilionekana alikuwa anajua kwamba mtu atakuja.

"Kaa hapa, mutoto wangu," aliniambia, akanimiminia mapera kwenye pindo la robe. "Kula, usiogope."

Nilikula. Kutoka pale nilipokaa nilimwona akimweleza baba, akionyesha mto, akionyesha kwa kiganja kimo cha mtu. Kisha aligusa meno yake ya mbele na kuachanisha vidole viwili kidogo. Baiskeli ilimponyoka baba, ikaanguka, naye hakuiokota. Nilidhani wanazungumzia maumivu ya jino.

Walikwenda hadi mwisho wa mahindi. Mama Esperansi aling'oa vijiti viwili vilivyofungwa pamoja, akavificha nyuma yake kama mtu aliyeona haya. Baba alitawadha kwa maji ya jagi, akasimama, akainua mikono, akasali. Mimi mtoto wa madrasa nilimkodolea macho. Hakurukuu. Hakusujudu. Alisimama tu mpaka akatoa salamu, na hata baada ya hapo aliendelea kusimama.

Alikuwa ameniahidi soda Gatumba, kwenye maduka ya zamani ya Waarabu. Hatukufika huko. Aligeuza baiskeli, nami nikanuna hadi darajani.

"Baba, mbona umesali bila kuinama?"

"Mugongo unaniuma, mama," alisema. Baadaye kidogo akasema tena, kana kwamba sijasikia: "Mugongo."

Nyumbani mama alinisimamisha uani kwenye beseni, akaanza kunisugua vumbi. Nilimsimulia yote: askari, viboko, mapera, soda niliyonyimwa. "Na baba amesali bila kuinama, kama mutu amesahau."

Mkono wake ulisimama shingoni mwangu.

"Bila rukuu?"

"Bila rukuu, bila sijida."

"Wapi?"

"Kule, kwenye mahindi. Karibu na mto."

Povu likanikaukia mabegani. Halafu akanisugua tena, kwa nguvu, mpaka nikalia. "Usimuambie baba yako kama umeniambia," alisema. "Mugongo wake unamuuma. Ataona haya."

Tangu siku hiyo baba alikuwa akirudi kutoka kazini na kusema, "Yusufu anakusalimia, kuna mutu ametoka Uvira." Na mama, akikoroga ugali, akijibu, "Na mimi namusalimia."

Mtoto alizaliwa salama, mvulana. Siku ya kumpa jina baba alisema ataitwa Abdala.

"Ataitwa Yusufu," mama alisema.

"Tumungoje mwenyewe arudi, tumuulize kama atapenda."

"Apana." Mama hakupandisha sauti. "We mwenyewe ulimusalia."

Baba aliketi chini pale pale. Sikuwahi kumwona mwanaume mzima akilia vile, mdomo wazi, bila sauti. Mama alimpa mtoto amshike.

Nilikuja kuelewa miaka mitatu hivi baadaye, mwalimu wa madrasa alipotufundisha sala ya maiti, sala isiyo na rukuu wala sijida. Niliomba ruhusa nikatoka nje. Vijiti vile, baba alinieleza nilipokuwa mkubwa, vilikuwa msalaba. Mama Esperansi na jirani zake walikuwa wamemtoa mjomba kwenye matete, wakamzika na kumwekea alama waliyoijua, na siku ile alimwomba baba radhi kwa hilo. Robe ya manjano nayo nikaielewa: mwanaume peke yake asingevuka bariyeri zile. Nilikuwa kibali chake cha kufika kaburini.

Mwaka jana nilimwuliza mama, ambaye sasa ni mzee, kama ananilaumu kwa kumtwisha msiba ule akiwa na mimba. Alinitazama kwa mshangao.

"Baba yako asingeweza kuniambia mupaka afe," alisema. "We usingesema, ningekuwa bado namungoja."