Siku Mama Alipokataa Machela

Nilikuwa na miaka minane mwaka ambao mvua iliangusha nyumba yetu ya Nyakitonto. Baba alishakufa, mama anaumwa kifua. Leo majirani wanamkandikia mgonjwa ukuta, na harufu ya udongo imenirudisha pale.

Baba mdogo alikuja na wanaume na machela.

“Shemeji, twende kwangu. Watoto tutawagawa kwa ndugu. Nani atakujengea, na pombe huna?”

Kwetu anayejengewa ndiye huwapikia pombe wanaokuja kumsaidia. Mama alikohoa, akaikalia ile machela kama kiti.

“Sibebwi. Na wanangu hawagawanywi kama maharage.”

Bibi jirani akatokea na mtungi wa pombe ya ndizi kichwani.

“Pombe hii hapa. Waliobeba machela washike majembe. Na wewe mgawa watoto, anza kukanda!”

Baba mdogo akavua viatu. Tuliukanyaga udongo naye, umetufika magotini, unanuka majani mabichi.

Nyumba ikasimama, tukabaki na mama. Shule sikuimaliza. Leo nina nyumba ya bati, shamba la kahawa, mbuzi, baiskeli, na chumba cha uani ambacho sikifungi kwa kufuli, ili aliyeangukiwa na nyumba aingie na wanawe wote.