Wimbo Alioimba Mama Mlangoni kwa Bi Zaina

Sandarusi, ile gundi ya mti, ikitiwa juu ya kaa la moto hutoa harufu kali, kama ganda la limau lililoungua. Wengi huipenda. Mimi ikinifika puani hutoka nje. Wajukuu hucheka, wanasema bibi anakimbia moshi. Wao siwaambii. Nyinyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka kama tisa, Bagamoyo ingali chini ya bendera nyekundu ya Sayyid wa Unguja, Wadachi, hao Wajerumani, hawajaja. Baba alikuwa amekwenda bara na msafara wa pembe za ndovu. Nyumbani tulibaki watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Salimu, mtoto wa miaka minne ambaye hakupata usingizi mpaka ashike sikio langu.

Mama yangu, Mwanahawa, alikuwa kiongozi wa lelemama, ngoma ya wanawake, mtaani kwetu. Msidhani ni jambo dogo. Wanawake wa mtaa wetu na wa mtaa wa pili walishindana kwa mavazi, kwa mapishi, na zaidi kwa nyimbo za mafumbo. Mama aliweza kukosa kitoweo siku mbili, lakini ukaya wake, ile shela ya kichwani, sharti ufukizwe udi. "Watu wakishakucheka, umekwisha," aliniambia akinisuka, nami niliamini.

Kiongozi wa upande wa pili alikuwa Bi Zaina, mwanamke mrefu, mkimya, uso umejaa makovu ya ndui. Katika harusi moja kundi lake lilitushinda, na mama akakaa wiki nzima hana hamu ya chakula. Harusi iliyofuata alitoka na wimbo mpya: yuko mwanamke kuku walimdonoa uso wakidhani ni pumba. Uwanja mzima uliangua kicheko. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikipaza sauti kuliko wote. Bi Zaina alijifunika ukaya wake akaondoka, na hakucheza tena.

Hazikupita siku nyingi, wapagazi wakashuka pwani na ndui. Salimu aliamka na homa. Siku ya tatu vipele vilimtoka mpaka ndani ya kinywa. Desturi ilikuwa mgonjwa wa ndui atolewe mjini, alazwe kibandani kwenye mashamba ya mhogo, njia ya Zinga, auguzwe na mtu aliyekwisha kuugua akapona. Mama hakuwahi kuugua, na wazee wa mtaa walimkataza kuingia. Alizunguka kwa mashoga zake wa lelemama, wale waliokula kwetu kila Ijumaa, kuuliza nani atamsaidia. Milango ilifungwa. Mmoja alisema kutoka ndani, "Mwenzangu, nami nina watoto." Aliyekwisha kuugua, mwenye nguvu za kuuguza, alikuwa mmoja tu.

Mama alikwenda jua la adhuhuri, kichwa wazi, miguu mitupu. Nilimfuata nikimvuta nguo. "Mama, watu wanatuona." Hakunisikia. Mlangoni kwa Bi Zaina alipiga hodi, kisha akapiga magoti mchangani.

"Bi Zaina, mwanangu anakufa."

Bi Zaina alisimama kizingitini akimtazama. "Umekuja kwangu mimi?"

"Nimekuja kwako. Nisamehe. Taka lolote kwangu."

"Basi uimbe ule wimbo," alisema. "Siku ile sikuusikia mpaka mwisho."

Watu walikwisha kujaa njiani. Mama akaimba. Sauti iliyokuwa ikisikika mitaa mitatu ilitoka kama ya mtu anayekabwa. Alipofika pale pa kuku alianza kulia, lakini hakuacha. Aliimba na kulia, kamasi zikimtiririka asizifute. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

"Basi," Bi Zaina alisema polepole. "Basi, inuka. Mtoto yuko wapi?"

Alihamia kibandani siku ileile. Alimlaza Salimu juu ya majani ya mgomba, akamfunga vitambaa mikononi asijikune, akamdondoshea maji ya mchele kinywani. Sandarusi ilifuka mchana kutwa. Kila asubuhi mama na mimi tulisimama ng'ambo ya shamba, mama akaita, "Salimu!" Siku za kwanza alitujibu. Baadaye alijibu Bi Zaina: "Amelala." Siku ya tisa mama aliita mara tatu. Bi Zaina akatoka, akaketi chini mlangoni. Mama alipiga yowe, akakimbia kuelekea kibandani, na wanaume wanne walimshika.

Siku chache baadaye ndui ilinishika mimi, nikalazwa palepale. Nilipona. Nilirudi nyumbani na uso huu mnaouona.

Mama hakucheza tena. Shela zake aligawa. Kila wiki alikwenda kumtwangia Bi Zaina mpunga, wakiketi pamoja. Nami kwa miaka nilimchukia mama kwa siri. Niliona ameshindwa, na mbele ya watu.

Nilipokwisha kuzaa, mtoto wangu wa pili alishikwa na homa kali. Siku hizo nilitembea mjini bila kujua nimevaa nini, wala nani ananitazama. Alipopona nilikwenda kwa Bi Zaina, amekwisha kuzeeka, nikamuuliza kwa nini alimwimbisha mama yangu.

"Nilitaka aone aibu," alisema. "Kumbe aibu ilikwisha kumtoka. Hata mimi hakuniona, alimwona mtoto tu. Nikajua hali ile. Ndui iliyonipa uso huu ilichukua wanangu wawili, na mimi sikupata mlango hata mmoja wa kupigia magoti."

Hilo hatukulijua siku tulipomcheka. Mama yangu alikuwa hai bado. Nilikwenda kwake, nikamkuta anapepeta mchele, nikaketi karibu naye nikitafuta namna ya kumwomba radhi. Nilishika ungo upande wa pili, tukapepeta pamoja.