Barua Pepe ya Jicho la Mke Wangu

Jicho la kushoto la mke wangu lilizima kitambo. Tukabaki tunalitegemea la kulia, nalo likaanza kuingia ukungu. Yeye si mtu wa kulalamika. Unamwona tu anamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kwa kupapasa, akimaliza anauliza, "Imetakata?" Nami nasema imetakata, nakula na maganda yake. Mtu umeishi naye toka ujana, maganda ni kitu gani?

Basi daktari mmoja aliyepita Nachingwea akatuambia jicho lile linataka wataalamu wa hospitali kubwa, tena lisicheleweshwe, maana likizima halirudi. Na hospitali hiyo haimpokei mgonjwa aliyejiendea. Lazima zahanati iwaandikie barua pepe, wao wajibu kwa kutaja siku.

Binti yetu wa mwisho ni karani wa zahanati ndogo kule Ruangwa. Tukafunga mlango wetu wa Lionja, tukapakizana kwenye bodaboda hadi kituo cha basi, yeye mwisho nyuma.

"Nikidondoka utajuaje?" akaniuliza.

"Nitasikia pikipiki imekuwa nyepesi."

Akanifinya.

Asubuhi yake, pale zahanati, barua ikaandikwa. Chai haijapoa, imerudi.

"Wamenikataa?" mke wangu akauliza.

"Hakuna mtu aliyeisoma, Mama," binti akasema. "Mtambo wao wa kupokea barua umeikatalia mlangoni."

"Uliwaamkia?"

Binti akaifungua tena. Barua ilikuwa imeanza na ugonjwa moja kwa moja. Kwetu mtu akija kuomba hata kaa la moto, ataanza na habari za kuamka, za watoto, za shamba, ndipo aseme kilichomleta. Binti amesoma, lakini kwa mama yake aliona aibu. Akaweka salamu, akauliza hali za madaktari na familia zao, akatuma. Ikarudi. Mama yake akasema aongeze pole na kazi. Ikarudi na pole yake.

Pole ile naipenda mpaka leo. Mtu anakaribia kupofuka, anawapa pole wenye macho.

Binti akapiga simu hospitali. Wakamjibu kwa upole kwamba hawajaona kitu, na barua ya anuani binafsi hawaipokei, ije kwa anuani ya zahanati. Akajaribu kuwaandikia zahanati nyingine, nayo ikarudi. Hapo akajua kasoro iko kwetu. Akaacha kutuma, akasema ukigonga sana mitambo inakuona mwizi. Akayasoma polepole yale maneno ya Kiingereza yanayorudi na barua.

"Yanasema aliyeileta hatambuliki kama ametumwa na sisi."

Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima tu, hesabu zikanishinda nikaacha, lakini jambo hilo nililielewa, maana lilishanikuta. Nilipoposa, mshenga wetu alishikwa na homa, wazee wakamtuma mwingine. Baba mkwe, upande wa Namungo huko, akamlisha wali na kuku, akamrudisha na posa yake. Alisema mshenga aliyetambulishwa kwake anamjua sura, na huyu siye.

"Na alifanya sawa," mke wangu akadakia.

"Nusura nikukose!"

"Ungepata mwingine, mpishi mbaya."

Binti akacheka. Akatueleza kwamba zahanati ilikuwa imebadili kampuni inayowapelekea barua. Lakini kuna tangazo huko mtandaoni, linaloambia mitambo yote nani ana ruhusa ya kupeleka barua za zahanati, na tangazo hilo lilikuwa bado linaitaja kampuni ya zamani. Neno la siri la kulibadilisha analo karani aliyemtangulia, ambaye sasa anauza simu Nachingwea. Tena ni mtani wetu, balaa tupu. Binti akampigia, akaweka sauti ya juu tusikie sote.

"Mtani! Mmepita Nachingwea bila salamu, sasa mnanililia?"

"Tungekuonaje," mke wangu akajibu, "sura yenyewe hata wenye macho wanaikwepa."

Mtani akacheka mpaka simu ikakwaruza. Kisha akauliza, "Kwani jicho la nani?"

"La kwangu."

Utani una pa kukomea.

"Nisomee jina la kampuni mpya, herufi moja moja," akamwambia binti. Akaliandika, la zamani akalifuta. "Sasa msitume. Mitambo ya huko bado inakumbuka tangazo la kwanza, iacheni isahau. Tumeni alasiri."

Alasiri binti akajitumia kwanza yeye mwenyewe, akachungulia, akasema imekubaliwa. Ndipo akatuma hospitali. Tukakaa tunaitazama kompyuta kama watu wanaongoja chungu kichemke. Haikurudi. Mimi nikakasirika kwamba jibu haliji, binti akaniambia, "Baba, kutorudi ndiyo habari njema."

Jibu likaja kesho yake. Aletwe Jumanne, na mtu mmoja wa kumsindikiza.

"Nani atanisindikiza?" mke wangu akauliza, na huku anajua.

"Mimi."

"Hebu sogea hapa kwenye mwanga."

Nikasogea. Akanishika kidevu, akalileta jicho lake karibu kabisa na uso wangu, akanitazama muda mrefu. Pumzi yake ilikuwa inanigusa shavuni.

"Kanyoe," akasema. "Sitaki wakinifungua bandeji nianze na kichaka."

Nikaenda kutafuta wembe.